Vitunguu vya Zarbegim

Wifi yangu Zarbegim aliletwa kwetu na lori la kaka yangu Qadamsho, mwishoni mwa vuli, akiwa amebanwa kati ya magunia ya unga na sanduku lake la nguo. Harusi ilikuwa imeshafanyika kwao, Darvoz, bonde la chini, ambako makomamanga huiva nyuma ya nyumba na watu hulala nje mpaka majani yaanguke. Sisi tunakaa juu, karibu na mwisho wa barabara. Kwetu kinachoiva bila kubembelezwa ni viazi.

Aliposhuka akabusiana mikono na mama yangu kama inavyotakiwa, akauliza hali ya mifugo kama inavyotakiwa, kisha kabla hajavua hata shali yake akasema, "Mama, bustani iko upande gani?"

Mama akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Bustani? Mwanangu, hapa kuna shamba la viazi na kuna mawe. Wewe unataka lipi?"

Nilimpenda pale pale. Nimeona mabibi harusi wengi wakishuka kwenye malori, wote macho chini, wote mdomo umefungwa kama mfuko. Huyu hata chai hajanywa, anauliza bustani.

Kifuani alikuwa ameficha kifuko cha kitambaa. Alipokifungua tukaona vitunguu vidogo vyenye ganda la kahawia, kimoja hakizidi ncha ya kidole gumba. Mama akachukua kimoja akanusa.

"Havina harufu. Mnavipika na nini?"

"Havipikwi, mama. Ni boychechak. Ni maua. Yalikuwa ya marehemu mama yangu."

Ndipo tukasikia habari yote. Masika yaliyopita mvua ilipiga huko kwao mchana kutwa, mlima ukaachia tope, na tope likaingia nyumbani wakati yeye yuko kwa shangazi yake ng'ambo ya mto mdogo. Alirudi akakuta mama hayuko, nyumba haiko, zizi haliko. Kilichobaki ni kona moja ya bustani chini ya ukuta. Aliichimba kona ile kwa vidole. Hakupata picha ya mama yake, wala kitambaa chake cha kichwa, wala sufuria. Alipata vitunguu hivyo.

Mama akasema, "Mola amrehemu," akampa kipande cha ardhi kando ya ukuta wa zizi. Hakuuliza tena. Mama yangu Gulanor hakuwa mkatili, naomba nieleweke. Alikuwa mjane aliyetulea kwa viazi na maziwa ya ng'ombe mmoja, na upole ulikuwa umemkauka kwa kukosa nafasi. Akikupenda alikupa kazi.

Basi Zarbegim alipewa kazi. Alikamua, alioka mikate, alijifunza kunywa chai yetu ya maziwa na chumvi bila kukunja uso, na theluji ilipoanza akapewa koleo la paa. Paa zetu ni bapa, za miti na udongo, na theluji isipoondolewa paa linaelemewa. Kazi ya paa ni ya bibi harusi mpya, ndivyo ilivyo. Nilikuwa naifanya mimi kabla hajaja, nikilalamika mpaka majirani wanasikia. Yeye alipanda akiimba. Kaka yangu akirudi safarini alimkuta juu, mashavu mekundu, akampigia kelele: "Mke wangu, shuka, watu watasema nimeoa kunguru!"

Qadamsho huyo ndiye aliyekuwa redio yetu ya hali ya hewa. Barabara moja ilimpitisha kwenye majira yote kwa safari moja, na akiketi kula alianza kutuhesabia. "Darvoz mvua ya vuguvugu, milozi imechanua. Rushon matope, nimekwama mara mbili. Hapa kwetu mlango wa lori nimeufungua kwa teke." Mama alikuwa anacheka. Zarbegim hakucheka. Aliacha kutafuna, akauliza, "Milozi yote, au ile ya kando ya mto tu?"

Sasa hapo ndipo kosa lilipoanzia. Kwetu majira yanahesabiwa kwa mwili. Jua likishatoka kwenye ile arobaini, siku arobaini za baridi kali, huingia kwanza kwa mbwa. Likitoka kwa mbwa ndipo huingia kwa mtu: kwenye unyayo, kifundo, muundi, goti, likipanda hivyo hivyo kidogo kidogo mpaka utosini. Jua likiwa bado kwa mbwa, hakuna mkono unaogusa udongo. Ukiugusa unaita baridi, na baridi haichagui shamba la aliyekosea. Kwao Darvoz wanahesabu vile vile, ila mtu wao ni wa kwao na mtu wetu ni wa kwetu. Mzee Mamadrizo ndiye aliyetuhesabia wetu, akitazama kila asubuhi jua linachomoza kwenye pengo lipi la mlima. Zarbegim alilijua hilo. Lakini aliposikia milozi imechanua, moyo wake ukahesabu wa kwao. Kwao jua lilikuwa limefika gotini.

Siku moja ya jua kali, mama akiwa msibani, akaondoa majani makavu na samadi aliyoifunikia bustani yake. Akaniita kwa sauti ya mtu aliyeokota dhahabu. "Wifi! Wifi, njoo uone! Yametoka!" Kweli yalikuwa yametoka, machipukizi meupe, mengine na vichwa vya njano vimefumba. Alipiga magoti kwenye tope akayagusa moja moja, akiyasemesha.

Baridi ikashuka kutoka kileleni kabla ya Ijumaa. Machipukizi yakawa kama kioo, jua likayagusa yakawa ute. Alipochimba, vitunguu vilipasuka mkononi kama viazi vilivyooza. Vilivyobaki vizima, vile vilivyokuwa vimeshikana na ukuta, havikujaza bakuli la chai.

Mama akamtolea uvivu. "Mwanangu, huyo mtu wenu wa bonde la chini ni mrefu kweli kweli! Jua limemfika gotini, na huku kwetu bado linabweka!"

Hilo lingepita. Lakini Mzee Mamadrizo naye alikuja na fimbo yake, akasimama uani, akasema mbele ya wapita njia kwamba shayiri ya kijiji kizima isipoota, sote tutajua pa kuuliza. "Safari hii ni mgeni, tumesamehe. Udongo ukiguswa tena kwenye nyumba hii jua likiwa kwa mbwa, zamu yenu ya maji itakuwa ya mwisho kiangazi chote. Umenisikia, Gulanor?"

"Nimekusikia. Sijaziba masikio."

Zamu ya mwisho maana yake ni kupata maji yaliyobaki, na maji yaliyobaki hayakuzi viazi. Mama aliingia ndani bila kumwangalia mkwewe. Nilimkuta Zarbegim zizini, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Nilidhani atasema habari ya Mamadrizo.

"Wifi," akasema, "nimemzika mama mara ya pili."

Nilimshika mkono tukakaa hapo mpaka ng'ombe akachoka nasi.

Mwingine angekata tamaa akakumbatia viazi. Huyu, kiangazi kizima, nilimwona akizunguka uani na kuweka kiganja chini, hapa asubuhi, pale jioni, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Kaka yangu alimcheka. Mimi pia nilimcheka, kisha nikaanza kumfuata. Alinionyesha kwamba kando ya chemchemi ardhi ni baridi hata Julai. Kwenye ukuta wa zizi kuna joto la mchana lakini alfajiri linakimbia. Kisha, kulipokuwa kumebaki wiki chache theluji ianguke, akanipandisha paani, mpaka kando ya tundu la katikati linaloingiza mwanga na kutoa moshi wa jiko.

"Weka mkono."

Nikaweka. Udongo ulikuwa na uvuguvugu, kama shavu la mtu aliyelala.

"Nilikuwa nazoa theluji hapa baridi yote," akasema. "Kila mahali ilishika ila hapa. Chini pale kwenye chemchemi ni kileleni. Zizini ni hapa hapa kwenu. Na hapa, wifi yangu, ni Darvoz."

"Hapa ni juu ya kichwa cha mama yangu!" nikamwambia. "Ukitoboa paa la udongo atakutoboa wewe."

"Sitoboi. Nitaongeza."

Tukapandisha udongo kwa ndoo mama akiwa malishoni. Akapanga mawe kuzunguka tundu, akajaza udongo, akapanda vile vitunguu vyake vilivyobaki, vyote, bila kuweka akiba hata kimoja. Nilimuuliza kwa nini asiache viwili vitatu ndani ya kopo. Akasema vikikaa ndani vitakufa kwa usalama. Mimi nilishika ngazi, na ulimi wangu nao niliushika, jambo ambalo wanaonijua hawataamini. Qadamsho hatukumwambia, maana uso wake haujui kuficha kitu.

Baridi ile ya pili ilikuwa nzito. Arobaini ikapita theluji ikiwa imefika dirishani. Zarbegim alipanda kila siku na koleo, safari hii haimbi, na akishuka nilimtazama naye akatikisa kichwa: bado. Kisha pakavuma upepo wa joto kutoka upande wa Darvoz, miteremko ikaanza kutoa jasho, na siku moja akashuka ngazi akiwa ameng'ata kitambaa chake cha kichwa asicheke kwa sauti. Mzee Mamadrizo alikuwa ametangaza asubuhi ile kwamba jua limeingia kwa mbwa.

Furaha yetu haikumaliza hata siku mbili. Maji ya theluji yalikuwa yamekusanyika kwenye duara la mawe, yakakosa njia, yakazama kwenye paa, yakatambaa juu ya boriti. Tulikuwa tunakunywa chai. Tone likaanguka. Halikuanguka popote ila kwenye godoro la mama, kando ya nguzo iliyo karibu na jiko, mahali ambapo marehemu baba alikuwa akiegemea, na mama hakukubali mtu mwingine akae hapo tangu siku alipozikwa. Hata kaka yangu, mwenye nyumba, alikaa upande wa pili.

Mama akatazama boriti. Tone jingine likampiga pajani.

"Nani alizoa paa leo?"

"Mimi, mama," Zarbegim akasema.

"Ulizoa kwa koleo au kwa kijiko? Lete ngazi. Nitapanda mwenyewe niliparue hilo paa mpaka nione tundu."

Zarbegim alibadilika rangi. Nilimwona akitafuta neno, akalipata, na nilitamani asingelisema. "Mama, udongo hauguswi. Jua bado liko kwa mbwa."

Kaka yangu akaitumbukiza pua ndani ya bakuli la chai.

"Ehe!" mama akasema taratibu. "Umejifunza kuhesabu. Udongo wa shamba hauguswi, binti. Udongo unaonimwagia maji kichwani naugusa hata jua likiwa kwa punda."

Akatoka na koleo, na kalosi zake za mpira miguuni, mwanamke aliyekuwa hajapanda ngazi tangu magoti yamuanze. Nilishika ngazi kwa sababu mtu ilibidi aishike. Zarbegim alisimama uani mikono imemning'inia. Hakulia wala hakuomba. Ndani ya yale mawe palikuwa na vyote alivyobakiza vya mama yake, na koleo moja lingetosha.

Nilichokiona mimi kutoka chini ni kalosi tu. Zilipanda kipandio kwa kipandio, zikafika juu, zikapiga hatua mbili, zikasimama. Nikangoja nisikie chuma kikigusa mawe. Sikusikia kitu. Nikangoja tena.

"Zarbegim," mama akaita. "Panda."

Akapanda. Na mimi nikapanda nyuma yake, sikuitwa lakini nani angebaki chini?

Bonde zima lilikuwa jeupe, paa zote nyeupe, mpaka macho yaliuma. Na kuzunguka tundu letu la moshi maua yalikuwa yamesimama duara, ya njano, madogo, yamefunguka wazi kwa sababu jua lilikuwa limeyapiga, moshi wa chai yetu ukipita katikati yake. Nimeona mengi tangu hapo. Nimeona mji wa Dushanbe na bustani zake. Sijaona tena kitu kama kile.

Mama alikuwa ameegemea koleo. Hakuyatoa macho kwenye maua.

"Mama yako aliitwa nani?"

Mwaka wa pili huo tangu aje. Tulikuwa tunasema "marehemu mama yako," na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza, mimi mwenyewe nikiwemo.

"Sabohat."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mfupi," Zarbegim akasema, akakohoa. "Mfupi, na ana kelele. Akiita ng'ombe walikuwa wanamsikia mpaka ng'ambo ya mto, Afghanistan. Hakuwa na subira. Masika yakichelewa alikuwa anayatukana."

"Haya ya njano aliyapenda?"

"Alikuwa anasema ndiyo peke yake yenye akili. Mengine yote yanangoja kuambiwa."

Mama akaguna. Akachukua koleo, akainama kwa shida, na kwa upande wa nyuma wa chuma akasukuma theluji mbali na mawe, nje, pole pole, akifungua njia ndogo ya maji kuelekea ukingoni. Udongo hakuugusa. Kisha akashuka.

Ndani akaniambia, "Oshurmo, sogeza godoro langu. Lete beseni liwekwe hapa."

"Mama, lakini hapo ni pa baba..."

"Baba yako aliogopa nini na tone la maji? Sogeza, nimekwambia. Litakauka likitaka."

Nikalisogeza. Akaketi upande wa pili wa nguzo, mahali pa kawaida ambapo wageni huweka makoti, akamwambia kaka yangu ammiminie chai. Beseni likaanza kulia, to, to, na hakuna aliyelisema.

Kijiji chetu kimekaa mteremkoni, na wa juu huona paa za wa chini. Kesho yake kabla ya adhuhuri tulisikia fimbo uani. Mzee Mamadrizo alikuwa amekuja na wazee wenzake wawili, na nyuma yao nusu ya mtaa, kila mmoja akijifanya anapita.

"Gulanor! Toka nje! Njano ile nini? Jua liko kwa mbwa, asubuhi hii nimelitazama kwa macho yangu. Nani kagusa udongo nyumbani kwako?"

Zarbegim alikuwa anakanda unga. Akafuta mikono, akatoka, na kwa jinsi alivyonyoosha shingo nilijua anakwenda kusema ni mimi, wengine hawamo, kateni mnachotaka kukata lakini mnikate mimi. Ndivyo alivyo mpaka leo. Alikuwa ameshafungua mdomo mama alipotokea nyuma yake, akamkamata kiwiko chenye unga, akamvuta kando yake, bega kwa bega.

"Punguza sauti, Mamadrizo. Hakuna aliyegusa kitu. Yule unayemwona juu ni mkwe mwenzangu, Sabohat, mama yake huyu. Kaja kunitembelea. Katoka mbali, njia ni mbaya, na ndiyo kwanza kafika. Sasa niambie, umekuja kumwamkia, au umekuja kumfukuza mgeni wangu mbele ya binti yake?"

Mzee Mamadrizo aliinua uso akatazama paa. Alitazama muda mrefu, kama anavyotazama lile pengo lake la mlima. Kisha akamtazama Zarbegim, unga mpaka viwikoni. Habari ya tope la Darvoz aliijua, kila mtu aliijua.

Akabana fimbo kwapani. Akavua kofia, akaweka kiganja kifuani, akaliinamia paa letu.

"Karibu, Sabohat," akasema kwa sauti kubwa, kama mtu anayeongea na aliye juu. "Umefika salama? Huko kwenu mvua imenyesha?"

Ilibidi mtu ajibu.

"Imenyesha, babu," wifi yangu akasema kwa niaba ya mama yake. "Imenyesha, lakini imekatika." Na hapo ndipo alipolia, mbele ya mtaa mzima, mama yangu akiwa bado amemshika kiwiko.